UZI: Viko vya Tanga: kuvuta, kutunza na kukusanya, kuanzia kiko cha maji hadi cha jiwe la Sinya

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam aleikum, na habari za wakati huu kwa wote.

Nipo Tanga mjini, Ngamiani. Humu ndani nimesoma nyuzi nzuri za redio za mbao, saa za kujaza ufunguo, hata baiskeli za zamani ambazo kwetu Tanga hazijawahi kuitwa za zamani kwa sababu bado zinapiga kazi. Viko sijaona mtu amevigusa. Nimekuwa navyo miaka mingi, navivuta, navitengeneza na kuvitafuta, na naona ni wakati wa kufungua ukumbi.

Niweke msimamo wangu mbele. Mkusanyaji wa Tanzania anayehangaika kuagiza kiko cha London au Dublin kabla hajakishika kiko cha nchi hii ameanzia mwisho. Tunavyo viko vya aina mbili vinavyostahili kuwekwa mahali pa heshima: kiko cha maji cha pwani yetu, na kiko cha jiwe kilichotengenezwa Arusha. Cha kwanza kinaozea uchagani na kutupwa jalalani wazee wakishatangulia. Cha pili wanakijua wakusanyaji wa Ulaya na Marekani kuliko sisi tulio karibu na jiwe lenyewe. Hilo linaniuma kweli, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Jambo la pili naliandika mapema na kwa uzito wake. Moshi wa tumbaku unaua. Mvuta kiko kwa kawaida haupeleki moshi mapafuni, anauzungusha mdomoni na kuutoa, lakini midomo, ulimi na koo vinapata saratani, na nikotini inaingia mwilini kupitia utando laini wa mdomo. Kwa hiyo asiyevuta asianze kwa sababu yangu. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na mimi simuoneshi kijana wa mtu yeyote namna ya kuwasha. Sehemu kubwa ya raha ninayoizungumzia haihitaji moshi: kutafuta, kusoma mhuri, kung'arisha, kujua kitu kilitoka wapi na mkononi mwa nani.

#2 Mleta uzi

Naanza na cha nyumbani.

Kiko cha maji cha Waswahili kina viungo vinne. Juu kuna bori, kikombe kidogo cha udongo uliochomwa ambamo tumbaku inakaa na kaa la moto juu yake. Bori limesimama juu ya digali, mti uliotobolewa katikati unaoshuka hadi ndani ya maji. Maji yapo ndani ya kifuu cha nazi kisichopasuliwa. Ubavuni mwa kifuu unatoka mdakale, mrija unaokwenda mdomoni kwa mvutaji. Ukivuta kwenye mdakale, hewa iliyo juu ya maji inapungua, moshi unashuka kwa digali, unapita majini na kutoka kwa mapovu. Mlio ule wa mapovu ndio malio ya kiko, na mzee aliyezoea anajua kwa kusikia tu kama maji yamezidi au yamepungua.

Utamu wa kitu hiki kwa mkusanyaji ni kwamba kila kiungo kina mkono wake. Bori lilifinyangwa na mama mfinyanzi. Digali na mdakale vilichongwa na mtu mwingine, au na mwenye kiko mwenyewe baada ya alasiri. Kifuu kilichaguliwa: kisiwe na ufa, kiwe na tumbo linalokaa vizuri kiganjani, kisha nyama ya nazi ikatolewa kwa subira kupitia tundu dogo bila kukipasua. Viungio vinazibwa ili hewa isivuje. Kifuu kilichotumika miaka kinapata rangi nyeusi yenye kung'aa ambayo hakuna vanishi inayoweza kuiiga. Ukikishika unaona mahali vidole vilipozoea kukaa.

Ukikipata kiko cha namna hii, usikitenganishe na habari zake. Andika jina la mwenye nacho, kijiji, nani alifinyanga bori, tumbaku ilitoka wapi. Kifuu kisicho na habari kinabaki kifuu.

#3 Mchangiaji (Pangani)

Shikamoo kaka. Nimesoma mpaka machozi yakanilenga. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nacho. Sisi wajukuu kazi yetu ilikuwa kutumwa jikoni kuleta kaa kwa koleo, na ole wako ulidondoshe kwenye mkeka. Malio ya kiko chake ndiyo yaliyotuambia bibi keshaamka. Alipofariki kikabaki uchagani. Mdakale umevunjika, kifuu kina vumbi na utando wa buibui, bori ni zima. Kaka zangu walitaka kukitupa nikakizuia. Kinaweza kurudi?

#4 Mleta uzi

Marahaba dada yangu, na Mungu akulipe kwa kukizuia.

Kinarudi. Usikioshe kwa sabuni na usikiloweke. Kitimue vumbi kwa brashi laini, ile ya rangi ambayo haijatumika inafaa. Ndani ya kifuu pitisha maji safi kidogo, yatikise, mwaga, kisha kiweke kivulini kwenye upepo. Jua kali litakipasua. Mdakale uliovunjika usiutupe: ufunge vipande vyake kwenye kitambaa uviweke pamoja na kiko. Kisha mtafute fundi achonge mwingine kwa kipimo kilekile, uwe ni wa kuonesha tu. Atakayekuja kukisoma kiko hicho baadaye atauhitaji ule wa asili, hata ukiwa vipande. Mwenye kuweka mpya na kutupa wa zamani amepoteza nusu ya kitu.

Bori usilikwangue ndani. Masizi yale ni ya bibi, yaache.

Wale wanaoishi karibu na magofu, Tongoni na kwingine, naomba sana: ukiona kipande cha bori la udongo ardhini, kiache hapohapo na uwaarifu wahusika wa mambo ya kale. Vitu vya kale vinalindwa na sheria ya 1964. Na kipande kilichong'olewa mahali pake hakimsaidii tena mtafiti kujua tabaka lake la udongo ni la lini. Mmea wa tumbaku wenyewe asili yake ni bara la Amerika, ulivuka bahari baada ya safari za Columbus, kwa hiyo kipande kidogo namna hiyo kinaweza kusaidia kukadiria umri wa sakafu nzima.

#5 Mchangiaji (Dar)

Mkuu, hicho cha jiwe cha Arusha ndiyo mara ya kwanza nakisikia. Jiwe linavutwaje? Halipasuki kwa moto?

#6 Mleta uzi

Swali lako ndilo nililokuwa nalingoja.

Kuna jiwe jeupe, jepesi, lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambalo wataalamu wa madini wanaliita sepioliti na wavuta viko wanaliita mirishamu. Linalosifika zaidi duniani linachimbwa Eskişehir, Uturuki. Likitoka ardhini likiwa na unyevu linachongeka kwa kisu, likikauka linakuwa gumu na linastahimili moto wa tumbaku bila wasiwasi. Kwa kuwa lina vitundu, linafyonza majimaji na lami ya moshi, na moshi unafika mdomoni ukiwa mkavu na wa baridi. Kadiri unavyolivuta ndivyo linavyobadilika, kutoka jeupe hadi rangi ya maziwa yenye chai, kisha asali, kisha hudhurungi. Badiliko hilo linachukua miaka, na mwenye pupa analiharibu.

Jiwe hilo lipo kwetu. Lipo upande wa Sinya, Longido, mpakani na Kenya chini ya Amboseli. Miaka ya 1950 ilianzishwa kampuni ya kulitumia, Tanganyika Meerschaum Corporation, na viko vikatengenezwa Arusha kwa ajili ya kuuzwa nje. Chapa yake maarufu iliandikwa KIKO, na alama yake ni tembo. Jiwe la Sinya ni zito na gumu kuliko la Uturuki, halikubali nakshi nyingi, kwa hiyo viko vyake ni vya umbo la kawaida: bori nene, mara nyingi limepakwa rangi ya hudhurungi au nyeusi au limevalishwa ngozi. Vingine ni vya mti kwa nje, na ndani vimewekwa kikombe cha mirishamu.

Watu wa Ulaya waliovizoea wanasema havina urembo. Nakataa kabisa. Kiko cha KIKO kilichovishwa ngozi kimeshonwa kwa mkono wa fundi wa nchi hii, kinashikika hata bori likiwa la moto, na kinavuta kikavu tangu mwanzo hadi majivu. Uzuri wa chombo cha kazi ni kufanya kazi yake.

Namna ya kukikadiria umri: soma mhuri. Kilichoandikwa kwamba kimetengenezwa Tanganyika ni cha zamani kuliko kilichoandikwa Tanzania, kwa sababu nchi yetu ilianza kuitwa Tanzania Oktoba 1964, miezi michache baada ya Muungano. Hapo umeshapata mpaka wa kuanzia bila kumuuliza mtu. Tumia kioo cha kukuzia na mwanga wa pembeni, maana mihuri mingi imelika kwa kusuguliwa.

Tanga vinapatikanaje? Mji huu ulikuwa wa mkonge na bandari. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche iliyopona ikapandwa Kikogwe, Pangani, na baada ya hapo mashamba yakajaa mameneja wa Kiingereza, Kigiriki, Kiswisi na Kihindi. Wengi wao walivuta viko. Mashamba mengi yalipotaifishwa 1967 baadhi yao waliondoka, na vitu vya mezani vikabaki kwa wapishi, makarani na majirani. Ndiyo maana mpaka leo droo ya mzee aliyekuwa karani wa shamba inaweza kutoa kiko, kalamu ya wino na kisu cha kukatia bahasha kwa pamoja. Mimi naanzia kwa mafundi saa na wauza vyombo chakavu, kisha naingia kwenye familia kwa salamu na kahawa. Nasisitiza salamu. Anayeingia kwa mzee na kuuliza bei kabla ya hali yake hatatolewa kitu, na ni haki.

#7 Mchangiaji (Muheza)

Mzee wangu aliniachia kiko cha mti, mimi ni mtu mzima na nimekuwa nikivuta sigara miaka. Kila nikikiwasha kinazima, nikikazana ulimi unaungua. Nielekeze.

#8 Mleta uzi

Mkuu, kwanza ulimi unaungua kwa sababu unakivuta kama sigara. Sigara inakukimbiza, kiko kinakungoja. Sasa twende taratibu.

Angalia tumbaku. Kwetu pwani hewa ina maji, hasa masika, na tumbaku inavimba pakitini. Ukiibana kati ya vidole ikabaki kidonge, ni mbichi mno. Itandaze kwenye karatasi kivulini, ijaribu mara kwa mara mpaka ibonyee na kujifungua yenyewe pole pole. Ikikatika kwa mlio mkavu umepitiliza.

Jaza kwa awamu tatu. Wazee wa kiko wana msemo wao: mara ya kwanza shindilia kwa mkono wa mtoto, mara ya pili kwa mkono wa mwanamke, ya tatu kwa mkono wa mwanamume. Chini iwe imelala kwa wepesi, juu iwe imekaza kidogo. Ukimaliza vuta kabla ya kuwasha. Uzito wa hewa uwe kama wa kunywa madafu kwa mrija. Ikiwa ngumu zaidi ya hapo mwaga uanze upya, hakuna hasara.

Washa kwa njiti ya kibiriti, uiache kwanza kemikali ya kichwani iungue yote, kisha zungusha moto juu ya bori huku ukipiga pafu fupi. Tumbaku itafura na kuinuka. Iache izime. Ilaze kwa kishindilio, bila nguvu, kisha washa mara ya pili. Huo wa pili ndio moto wenyewe.

Baada ya hapo, kazi ni kupumua. Pafu moja, pumzika. Kama kiko kimekuwa cha moto kiasi cha kushindwa kukiweka shavuni, unakimbia, kiweke chini. Kikizima washa tena, si aibu, hata waliovuta nusu karne kinawazimikia. Ukisikia maji yanachemka ndani ya mrija, ingiza waya wa kusafishia mpaka chini, utoe, uendelee.

Na upepo! Jioni ya kusi pale Raskazone ni nzuri kwa macho, kwa kiko ni balaa. Upepo unakuvutia tumbaku bila idhini yako, bori linaungua pembeni mpaka mti unashika moto. Vutia uani penye ukuta, mbali na watoto na mbali na asiyependa moshi. Kiko kikishavutwa kipumzike angalau siku nzima kikauke. Mwenye kuvuta kila jioni anahitaji zaidi ya kimoja, na hapo ndipo watu wengi wanapoanza kuwa wakusanyaji bila kukusudia.

Raha yake hasa iko wapi? Kwangu ni ile nusu saa na ushei ambayo mikono ina kazi ndogo na akili imeachwa huru. Kikombe cha kahawa chungu pembeni, kashata, watu wa barazani wanabishana kuhusu timu yetu ya Coastal Union, na wewe huna haraka ya kujibu kwa sababu mdomo una shughuli. Nimesikiliza wazee wangu vizuri zaidi nikiwa na kiko kuliko nilivyowahi kuwasikiliza bila hicho. Ramadhani mchana viko vyote vimelala, na huo ni msimu wangu wa ukarabati: nasugua, napaka nta, nakaza viungio.

#9 Mchangiaji (mhudumu wa afya, Korogwe)

Mleta uzi ametahadharisha mwanzoni, nashukuru. Naongezea moja tu kwa wanaopenda cha maji: maji yanapooza moshi, hayauondolei sumu. Moshi wa baridi unafanya mtu avute zaidi. Na mnaotumia kiko kimoja kwa kupokezana, mnapokezana na maradhi pia.

#10 Mleta uzi

Daktari, naunga mkono neno kwa neno. Ndiyo maana kile cha bibi wa Pangani nimeshauri kiwe cha kuonesha. Vya maji nilivyonavyo mimi havijawashwa tangu vifike kwangu.

#11 Mchangiaji (fundi seremala, Makorora)

Mimi ni fundi, nina vipande vya mpingo vizuri kabisa vilivyokauka. Naweza kuchonga kiko?

#12 Mleta uzi

Fundi wangu, mpingo unaweza, ila naomba unisikilize kwanza.

Kiko cha mti kinachotawala duniani kinachongwa kwenye nundu la mti mdogo wa Mediterania, braya, kwa jina la kitaalamu *Erica arborea*. Nundu hilo linaota pale shina linapokutana na mizizi. Linachimbwa Italia, Corsica, Ugiriki na Algeria, linachemshwa saa nyingi kutoa utomvu na uchungu, halafu linakaushwa miezi hadi miaka. Katikati ya karne ya 19 mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ndio ulioanza kulifanyia kazi kwa wingi, na mpaka leo unajulikana kwa viko. Sifa ya nundu ni mbili: linastahimili moto, na linanyonya unyevu kisha kuuachia linapopumzika. Cha kushangaza, mti huohuo unaota pia katika ukanda wa juu wa milima yetu, Kilimanjaro ukiwemo. Tafadhali usiende kuuchimba. Ni hifadhi, na nundu linachukua miongo kukua.

Mpingo ni mzito na umeshonana mno. Haunyonyi unyevu, kwa hiyo moshi unakuwa na majimaji, na bori likipata moto wa ghafla linaweza kupasuka. Lakini kwa pete ya kuungia bori na mrija, au kwa shingo ya kiko, hakuna mti unaoushinda kwa uzuri. Ukiuchonga vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua. Bori lifanye kwa mzeituni ukiupata, au mti wa matunda kama mpeasi. Mti usioujua jina lake usiuweke kwenye moto karibu na mdomo wa mtu. Hapo sina mjadala.

Vipimo: tundu la bori karibu milimita 20, njia ya moshi milimita 4, na itokee katikati ya sakafu ya bori barabara, isiwe juu wala pembeni. Ikitokea juu, tumbaku ya chini haitaungua na maji yatajikusanya. Toboa matundu kwanza wakati kipande bado ni cha mraba, ndipo uchonge umbo. Ndani usipake vanishi wala rangi yoyote. Nje malizia kwa nta ya nyuki safi, ile ya Handeni ni nzuri sana, uipake nyembamba na kuisugua kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono uchoke.

#13 Mchangiaji (Dar)

Nimenunua cha mitumba, mdomo wake una rangi ya kijani kama kinyesi cha bata, na unanuka. Nimpelekee fundi au nimtupe muuzaji?

#14 Mleta uzi

Usimtupe mtu. Mdomo huo ni wa eboniti, mpira uliopikwa na salfa ukawa mgumu. Jua na hewa vinaitoa ile salfa juu, ndiyo rangi na harufu hiyo. Ung'oe mrija kwa kuuzungusha polepole upande mmoja, na kamwe usiung'oe bori likiwa la moto, utavunja kiungio. Loweka mrija peke yake kwenye maji, kisha usugue kwa msasa wa maji, namba 400, 800, halafu 1200 au zaidi, umalizie kwa dawa ya meno na kitambaa. Kama kuna nembo, ifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi usiifute. Nembo ndiyo kitambulisho. Viko vya Alfred Dunhill, aliyefungua duka lake la tumbaku London mwaka 1907, vinatambulika kwa nukta nyeupe juu ya mrija. Ukiisugua ikachakaa umejipunguzia mwenyewe.

Bori la mti likinuka tumbaku ya mtu mwingine: kwangua masizi yabaki gamba jembamba, milimita moja hivi. Jaza chumvi kavu, dondoshea spiriti safi ya kunywewa, ile kali isiyo na rangi, mpaka chumvi ilowe. Spiriti ya taa usiiguse, ina sumu. Acha usiku kucha. Asubuhi chumvi itakuwa ya hudhurungi, imefyonza lami. Mwaga, futa, kiache kikauke siku kadhaa. Njia hii ni ya mti tu. Mirishamu ukiifanyia hivi umeiua. Yenyewe unaifuta kwa kitambaa kila baada ya kuvuta, masizi usiyaache yajengeke, na ikiwa ya moto usiishike kwa vidole vyenye jasho, utaacha madoa.

#15 Mchangiaji (Lushoto)

Huku kwetu milimani wazee bado wanasokota tumbaku ya shambani. Inafaa kwenye kiko cha mti?

#16 Mleta uzi

Inafaa kwa aliyeizoea. Tumbaku ya Usambara si ngeni kwa viko vya pwani, imeshushwa milimani kuja huku tangu zamani. Ni kali, ina nikotini nyingi, na ukiivuta tumbo likiwa tupu utatafuta ukuta wa kuegemea. Ikate nyembamba, jaza nusu bori tu. Ukitaka kujua ladha nyingine za nchi hii, Tabora na Chunya wanakausha tumbaku aina ya Virginia kwa hewa ya moto, inakuwa ya manjano na utamu wa mbali. Ruvuma wanakausha kwa moshi wa kuni, inakuwa nyeusi na harufu ya jikoni. Hiyo ya Ruvuma kidogo ikichanganywa na ya Tabora, kwa maoni yangu, inakaribia kabisa michanganyiko ya gharama ambayo wenzetu wanatia Latakia ya Kupro, nayo ni majani yaliyofukizwa kwa moshi wa miti.

#17 Mchangiaji (Arusha)

Wakuu, nimefungua sanduku la marehemu baba leo baada ya kusoma huu uzi. Kiko chenye ngozi, tembo yupo kwenye mrija, chini kimeandikwa TANGANYIKA. Kuna mtu wa nje ameshanipa bei. Niuze?

#18 Mleta uzi

Hongera sana mkuu, na pole kwa kumkumbuka mzee.

Kiko ni chako na njaa haina mjadala, sitakuzuia. Lakini kabla ya kumjibu huyo mtu fanya haya. Usikisafishe. Kipige picha mchana kwenye mwanga wa dirisha, bila taa ya simu: upande wa kushoto, kulia, juu ya bori kuonesha ndani, chini, na mihuri yote kwa karibu. Pima urefu wote na upana wa tundu la bori. Angalia kingo za bori: ikiwa ngozi imeachia mshono usiibandike kwa gundi ya viatu. Tazama kama ndani ni jiwe tupu au ni mti uliowekwa kikombe cha jiwe, maana bei zake hazifanani. Muulize mama au shangazi kama baba alifanya kazi kiwandani au alizawadiwa, na andika watakachosema hata kama ni sentensi moja.

Kisha weka picha hapa. Arusha huenda bado wapo wazee waliochonga, kushona na kupaka rangi viko hivi, na huenda mmoja wao ana mjukuu humu ndani. Kama yupo, naomba ajitokeze kabla huyo mteja hajapata jibu. Nataka kujua ngozi zilitoka wapi, nani alizishona, na jiwe lilisafirishwaje kutoka Sinya.